Kapu la Rachelle

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Emilienne alitoka nje akatazama barabara ya Kabambare. Pikipiki zilipita, zikirusha matope. Hakuna iliyosimama mbele ya nyumba yake. Basi alirudi jikoni, akachemsha maji, akakoroga unga wa muhogo, akampa mjukuu wake uji.

Mjukuu huyo aliitwa Emmanuella. Alikuwa na miaka miwili. Mama yake, Rachelle, alikuwa mtoto pekee wa Emilienne. Kiangazi kilichopita Rachelle aliondoka Kasongo, akaenda Kabambare kuuza chumvi na sabuni.

"Mama, munishikie mutoto," alisema siku ile. "Naenda kutafuta. Nataka Emmanuella akuwe tajiri, asikose kintu."

Kisha mvua zikaja. Barabara ikaharibika. Simu za Rachelle zikawa za nadra.

Jamani, Emilienne alivyomkumbuka! Alimkumbuka akitwanga, alimkumbuka akisali. Na kwa kuwa hakuweza kumgusa, alimwekea akiba. Juu ya meko lilining'inia kapu. Akivuna karanga, zile nzuri ziliingia kapuni. Akinunua ndagala, wale samaki wadogo wakavu, wengi waliingia kapuni. Hata mayai ya kuku wake aliyauza ili anunue ndagala zaidi.

"Ni ya Rachelle," alisema. "Akirudi, atakula mpaka achoke."

Na Emmanuella? Yeye alikula uji mweupe, muhogo na maji. Tumbo lilijaa, akalala. Nani angesema mtoto huyo hali?

Kulikuwa na jambo lingine. Mwanzoni, jina la Rachelle likitajwa, mtoto alilia, "Mama! Mama!" Kilio hicho kilimkata bibi maini. Basi akaacha kulitaja. Akaacha na nyimbo, maana zote zilikuwa nyimbo za Rachelle. Hata sala ya jioni aliisali moyoni tu. Nyumba ikawa kimya. Mtoto hakulia tena, lakini hakucheza pia.

Siku moja jirani yake Aziza alikuja. Watu humwita Mama Hemedi, na nyumba yake iko karibu na msikiti. Aziza ni reko, yaani mtu wa mtaa aliyefundishwa na kituo cha afya ili awatembelee majirani.

"Hodi, Mama Rachelle!"

"Karibu, Mama Hemedi. Kiti iko hapa."

Aziza alimpakata Emmanuella. Akazungusha utepe wa rangi kwenye mkono wa mtoto. Utepe ukaonyesha manjano.

"Angalia," alisema Aziza. "Kijani ni muzuri. Nyekundu ni hatari sana. Mutoto iko katika manjano. Anakonda."

"Anakonda namna gani? Kila siku anakula, anashiba!"

"Anashiba, ndiyo. Lakini muhogo peke yake inajaza tumbo tu, haijengi mwili. Uji hii inaomba kutajirishwa. Hauna karanga? Hauna ndagala?"

 Macho ya Emilienne yalipanda juu, kwenye kapu. Aziza akayafuata.

"Ile ni ya nani?"

"Ya Rachelle."

"Rachelle iko Kabambare, Mama. Meno ya kukula iko hapa."

Emilienne alikasirika. "Usicheze na ile kapu! Nikiimaliza, ni kusema simungoji tena mutoto wangu." Machozi yakamtoka.

Aziza hakumcheka. Alimshika mkono. "Hemedi yangu iko Kindu. Na mimi namuwaza kila siku. Lakini nikuulize: siku ya kuenda, Rachelle alikuachia nini? Alikuachia kapu?"

Emilienne alimtazama mjukuu wake. Akaona vile vidole vyembamba. Akaona macho yasiyo na furaha. Moyo ukamwuma.

"Aliniachia mutoto," alisema polepole. "Alisema anataka mutoto akuwe tajiri."

"Basi utajiri yake ianze leo. Mwili yake inataka chakula ya nguvu. Roho yake inataka maneno. Mbona mutoto hasemi?"

"Nikitaja mama yake, analia. Basi niliacha kumutaja na kuimba."

"Wacha alie, umushike. Umwambie mama yake iko, anamupenda. Umwimbie. Ombeni pamoja. Hiyo pia inamulisha."

Emilienne alishusha kapu.

Wanawake wawili walinawa mikono kwa sabuni. Wakakaanga karanga, wakazitwanga. Wakabanika ndagala juu ya moto, wakawatwanga wakawa unga. Aziza akatia vyote katika uji uliokuwa ukichemka, na mafuta kidogo ya mawese. Uji ukawa mzito, ukawa na rangi nzuri.

"Umupe mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo," alisema Aziza. "Umupe yai pia, na papai. Na kesho twende naye kituo, muganga amuangalie."

Kesho yake wakaenda. Mganga wa kituo cha afya alimpima mtoto, akaagiza arudishwe kila wiki.

Jioni ile Emilienne aliimba wimbo wa Rachelle. Emmanuella alilia. Bibi naye alilia, huku amemkumbatia. Kisha mtoto akauliza, "Mama iko?"

"Iko. Iko Kabambare. Anakupenda sana."

Wakasali kwa sauti. Wakamwombea Rachelle.

Tangu siku hiyo kapu lilipungua. Kila konzi ya karanga ilimwuma Emilienne, kama vile anamuaga binti yake upya. Lakini mtoto alinenepa. Utepe ukaonyesha kijani. Alianza kukimbiza kuku na kuimba, maneno nusu nusu.

Kiangazi kikarudi. Asubuhi moja pikipiki ilisimama mbele ya nyumba. Rachelle alishuka, amejaa vumbi, amekonda. Akasimama tu. Aliogopa kwamba mtoto amemsahau.

"Mama!" alipiga kelele Emmanuella, akamrukia.

Rachelle alimbeba, akayumba. "Yee! Mutoto amekuwa muzito!"

Akafungua mfuko, akatoa gauni jekundu alilomnunulia. Wakajaribu kumvisha. Halikupita mabegani. Rachelle alicheka, kisha akalia, akalishika gauni kifuani.

Emilienne aliinamisha kichwa. "Mwanangu, nilikuwekea karanga na ndagala. Kapu nzima. Yote imekwisha. Sina kintu ya kukupa."

Rachelle alimbeba tena mtoto, akamtazama.

"Mama," alisema, "hiyo kapu ndiyo nimebeba hapa."

Emilienne aliingia jikoni akawasha moto. Siku hiyo alikoroga uji wa watu watatu.