Sauti ya Kumsindikiza Tumpe

Uzi ulipoanza kuimba jioni ile, jiji zima la Mbeya liliinjika wali.

Uzi ulikuwa kamba ya kaboni iliyonyooshwa kutoka ardhini hadi Kituo cha Mawinguni, na Kipandio kilipita juu yake kikibeba wafanyakazi. Mhandisi Sekela Mwaipopo ndiye aliyebuni Kinasauzi, mashine iliyonasa mtetemo wa kamba hiyo, mzito mno kwa sikio la mtu, na kuupandisha mpaka usikike katika vipaza sauti vya kila mtaa. Kanuni yake ni ile ile ya zeze: uzi mrefu hutetemeka polepole, mfupi hutetemeka kwa kasi. Kipandio kikishuka, kipande cha Uzi kilichobaki chini yake hufupika, na sauti hupanda. Kipande kikibaki nusu, mitetemo huwa maradufu. Basi watu wa mtaa wa Mwanjelwa hawakuhitaji saa. Sauti nzito, injika. Ya katikati, kaanga. Nyembamba, pakua, vaa kandambili ukampokee mtu wako. Sekela alivimba kichwa, na tusimlaumu.

Aliyeitia furaha hiyo mchanga ni jirani yake, Mzee Anyosisye, fundi cherehani wa maneno machache. Alilalamika kwenye shirika lililoendesha Uzi kwamba mashine ile inamwonea. Shirika, ambalo liliogopa lawama kuliko radi, likamwambia Sekela amridhishe mzee, la sivyo Kinasauzi kitazimwa moja kwa moja.

Sekela alikwenda amejiandaa kwa ugomvi. Alimwamkia mzee, akakaribishwa chai, kisha akaanza kumweleza habari zote za urefu na mtetemo mpaka mwenyeji wake akainua mkono.

"Hiyo naijua, mwanangu, naishi nayo. Mke wangu Tumpe anatunza mbegu huko juu. Akishuka likizo, jiji zima linamwimbia. Akipanda asubuhi, kimya. Mmezima."

Sekela alikiri kwamba huzimwa, kwa sababu asubuhi hakuna anayesubiri mtu.

"Mimi nasindikiza mtu," mzee alisema. "Walinzi wananizuia langoni. Kwenu mgeni akiondoka, humsindikizi hata hatua mbili?"

Sekela aliona haya. Kwao Tukuyu mgeni husindikizwa mpaka njia panda, na anayemwacha mlangoni husemwa mwaka mzima. Kumbe yeye alikuwa amelifundisha jiji kupokea tu, si kusindikiza.

Siku Tumpe alipopanda tena, Kinasauzi kiliwashwa asubuhi. Wengine, waliposikia sauti nyembamba, walikurupuka kutafuta sahani za kupakulia, na chai yenyewe ilikuwa haijachemka. Walipogundua kwamba sauti inashuka, wakacheka, wakatoka vibarazani kupunga mikono. Uzi ulizidi kurefuka chini ya Kipandio na sauti ikazidi kuwa nzito, hata masikio yakaipoteza. Watu wakarudi ndani.

Mzee Anyosisye alibaki amesimama, kiganja chake kikiwa juu ya kipaza sauti cha mtaa wao.

"Haisikiki tena, Baba," Sekela alimwambia taratibu.

"Najua. Lakini bado inatetemeka. Yuko njiani."

Sekela aliweka kiganja chake kando ya cha mzee, wakamsindikiza Tumpe mpaka juu.