Njiti Ndani ya Godoro

Kila siku baada ya shule, Njiti alikuwa akivua viatu mlangoni, anafunga kitambaa puani, kisha anaingia mawinguni. Mawingu yenyewe yalikuwa sufi. Baba yake alikuwa fundi wa magodoro na mito, na karakana yao, chumba kirefu chenye dirisha moja kubwa, ilijaa sufi kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Jua la alasiri lilipopenya dirishani, nyuzi nyepesi za sufi zilielea hewani. Zilipanda, zikasita, zikashuka, kama watu wasio na haraka ya kufika popote. Njiti aliweza kuzitazama mpaka akasahau alichotumwa.

Alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi, lakini siku moja mtu fulani darasani alisema miguu yake inafaa kuwashia jiko, basi jina zuri likawa limekwisha. Akaitwa Njiti. Baba, ambaye utani haukuwahi kumpita, alilidaka jina hilo na kuhamia nalo nyumbani.

"Njiti wangu," alipenda kusema, "bila wewe hapa hakuna godoro."

Wala hakuwa akimbembeleza. Godoro zuri hujulikana kwa pembe zake, na pembe za mfuko mkubwa wa godoro hazifikiwi kwa mkono kutoka mdomoni. Njiti ndiye aliyezifikia. Aliingia mzimamzima ndani ya mfuko, akatambaa na fungu la sufi hadi mwisho, akashindilia kila pembe mpaka ishibe. Kisha alitoka kinyumenyume, kichwa cheupe kama cha bibi kizee, na kupaza sauti: "Pembe tayari!" Hapo Baba alichukua sindano na kushona mdomo wa mfuko.

Shida ilianzia shuleni. Mwalimu wa Kiswahili alitangaza mchezo wa kuigiza wa siku ya wazazi. Alihitaji malkia, malkia wa mji ambao mto wake umefungwa na maadui. Ijumaa ya wiki iliyofuata wote wanaotaka wangejaribiwa mbele ya darasa. Njiti aliyajua maneno ya malkia yote. Alikuwa ameyasema ndani ya mifuko ya magodoro mpaka sufi ikayachoka. Alipoonyesha nia yake kwa kunyoosha mkono, sauti ikatoka nyuma:

"Malkia huyu? Upepo ukivuma tutamfuata na ngazi!"

"Malkia lazima awe na mwili," mwingine akadakia. "Akikaa, kiti nacho kijue kimekaliwa!"

Darasa likacheka. Njiti naye akacheka, kwa sababu usipocheka wanaongeza. Mtu mmoja tu hakucheka, rafiki yake Puto, aliyekaa dawati la mwisho na kujibanza ukutani kama anayetaka kuingia ndani ya rangi.

Jioni hiyo walilala chali juu ya rundo la mito mipya, wakitazama nyuzi za sufi.

"Ningekuwa na mwili wako," Njiti alisema, "saa hizi ningekuwa malkia."

"Chukua," Puto akajibu. "Nakupa bure. Beba na mashavu."

"Mwenzio sitanii."

"Na mimi je? Wewe wanakuogopea upepo. Mimi nikipita wanashika madawati. Nikinyoosha mkono nijibu swali, wananiambia nimeziba dirisha. Sasa sinyooshi."

Halafu Njiti akaanza kuwaza kwa sauti. Aliwaza nchi moja ambako watu hukutana asubuhi penye bomba, wakamiminiana miili kama maji, aliyezidiwa akimpa aliyepungukiwa, mpaka kila mtu afike kwenye alama yake. Na pale bombani pangekuwa na mama mmoja mpole anayeuliza, nani bado?

"Na hiyo alama anaichora nani?" Puto akauliza.

Ndoto za Njiti hazikuzoea kuulizwa maswali.

Mwingine aliyeuona wembamba wa Njiti kama msiba ni shangazi yake. Shangazi aliishi nao, akiuza mafuta ya nywele na manukato nyumba kwa nyumba. Alimpenda Njiti kupita kiasi, na kila alipomtazama alitoa pumzi ndefu.

"Mwanangu, watu watasema kaka yangu anakunyima chakula. Mifupa yote nje, kama umeianika!"

Asubuhi moja alimvuta pembeni na kumtia mkononi kichupa kidogo kisicho na karatasi wala maandishi. Ndani mlikuwa na vidonge.

"Vya mwili hivi. Wenzako wote mjini wanameza. Utajaa mpaka kioo kikuombe usiondoke."

"Baba anajua?"

"Baba yako ni mtu wa kelele. Hii yetu, mimi na wewe."

Njiti akameza. Siku za kwanza alifurahi, maana njaa ilimjia kama mgeni mwenye mizigo, na mashavu yakaanza kujaa. Lakini kulikuwa na kitu kingine. Usingizi. Haukuwa usingizi wa kawaida unaokuja ukichelewa kulala. Huu ulimfuata darasani, ukamkalia mabegani, ukamfunika kama shuka yenye joto. Sauti ya mwalimu ilimfikia kama inatoka ng'ambo ya maji. Ubao ulielea. Maneno ya malkia, yale yaliyokuwa yamejipanga kichwani kama askari, yakaanza kutoroka moja moja.

"Mbona macho yako mazito?" Puto alimuuliza.

"Nimechoka tu."

"Umechoka nini? Hesabu zenyewe nimefanya mimi."

Alhamisi, siku moja kabla ya majaribio, Njiti alimwambia Baba kwamba akimaliza pembe angekwenda shuleni kufanya mazoezi na Puto. Baba akaitikia kwa kichwa. Kwenye meza ndefu kulikuwa na godoro la watu wawili, mteja wake analisubiri. Njiti akaingia mfukoni na fungu la sufi, kama siku zote. Pembe ya kwanza ikashiba. Ya pili pia. Ndani mlikuwa na joto na mwanga wa maziwa, ule unaopita kwenye kitambaa cheupe. Akajilaza kidogo tu. Akaiona ile nchi ya bombani. Yule mama mpole alikuwa pale, ameshika ndoo, lakini safari hii hakuuliza neno. Alimfunika tu kwa sufi, tabaka juu ya tabaka.

Wakati huo Baba alikuwa nje akimsaidia mteja mwingine kupakia mito. Aliporudi hakumwona Njiti wala hakumsikia, akajua ameshakwenda mazoezini. Akaongeza sufi pale mdomoni, akachukua sindano, akashona mfuko huku akivuma wimbo kwa pua. Mle ndani Njiti alisikia uzi ukipita kitambaani, kruu, kruu, akadhani ni ndege wa ile nchi.

Baada ya kushona, godoro hupigwa vifundo ili sufi isihame. Baba akaichukua sindano yake ndefu, ile inayotoboa godoro kutoka juu hadi chini. Akaitia uzi. Puto akatokea mlangoni, anahema.

"Baba, naomba uniitie Njiti. Nimemsubiri shuleni mpaka mlinzi ananiuliza kama nimehamia."

"Njiti? Si yuko na wewe?"

"Hajafika."

Shangazi, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi na kikapu chake, akajibwaga juu ya pembe ya godoro. "Atakuwa yuko kwenye kioo," alisema. "Siku hizi anapendeza..."

Godoro likapiga chafya.

Shangazi aliruka, kikapu huku, manukato kule. "Mama yangu! Kaka, godoro lako lina mafua!"

Baba hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza Puto kumwona hajacheka. Sindano ndefu ilimdondoka mkononi. Akanyakua mkasi, akakata mshono wote kwa mkupuo mmoja, akatumbukiza mikono, akaivuta miguu miwili myembamba. Njiti akatoka kama mtoto anayezaliwa, mweupe nywele mpaka kope, akikohoa. Alifumbua macho, akamtazama baba yake, akasema polepole, "Pembe... bado mbili," kisha akayafumba tena.

Kwenye zahanati walimlaza kitandani karibu na dirisha. Muuguzi alimsikiliza kifua, akamfungua macho, akamshika mkono na kuhesabu mapigo.

"Kifua kiko salama. Lakini usingizi huu si wa kuchoka. Mtoto amemeza nini?"

"Chakula tu," Baba akajibu. "Na anakula vizuri, siku hizi hata sahani inaogopa."

Njiti aliyasikia yote kwa mbali. Alitaka kusema. Ulimi ulikuwa mzito, na tena, ile ilikuwa siri ya Shangazi. Akisema, Shangazi ataaibika mbele ya watu. Akinyamaza, muuguzi atatafuta gizani. Alijikaza, akavuta ulimi kama anavyovuta fungu la sufi.

"Vidonge," akasema. "Vya mwili."

Baba akageuka kushoto, akageuka kulia. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua ncha ya kitambaa chake.

"Ni mimi, kaka," alisema hatimaye. "Mtoto hana kosa. Nilimpa mimi." Akatoa kichupa cha pili kutoka kwenye mkoba na kukiweka mezani.

Muuguzi alikizungusha mkononi. "Hakina jina. Hakina tarehe. Aliyekuuzia ni nani?"

"Mwenzangu tu sokoni. Alisema ni vizuri."

"Mama, viko vidonge vinavyoleta usingizi na njaa ya uongo. Vingine vinajaza maji usoni, watu wanasifia mashavu, kumbe ndani mwili unaumia. Hivi vyako hatujui hata ni vipi. Usingizi huu ungemkuta njiani anavuka barabara, je?"

Shangazi akaanza kulia, kilio cha chinichini. "Nilitaka apendeze."

"Apendeze kwa nani?" Baba akauliza. Hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kumtoa Njiti sufi kwenye kope kwa ncha ya kidole. "Na mimi nina langu. Nililileta hilo jina nyumbani, nikalicheza kama mpira. Sikuuliza kama linakuuma."

Njiti alifikiri kidogo. "Wewe ukilisema haliumi. Wao ndio."

"Hata hivyo ungeniambia, mama. Na vidonge pia."

"Shangazi alisema wewe ni mtu wa kelele."

Hata muuguzi akacheka. Walibaki pale hadi usingizi ulipopungua. Ndipo muuguzi akampima Njiti urefu na uzito, akamtazama ulimi na kucha, akamuuliza anakula nini, anacheza nini.

"Wewe ni mzima," alisema. "Ni mwembamba, na baba yako naye ukimtazama hakuna pa kuning'iniza koti. Mwili unakua kwa mwendo wake. Ule mboga, mayai, matunda, ulale usiku, ukimbie mchana. Ukiwa na wasiwasi njoo hapa uulize. Usiulize sokoni."

Ijumaa Njiti alibaki nyumbani, na darasani majaribio yakaanza bila yeye. Lakini mwalimu alipotaka kumtaja malkia, mkono uliinuka kutoka dawati la mwisho, mkono ambao haukuwa umeinuka kwa muda mrefu. Ulikuwa wa Puto.

"Umeziba dirisha!" mtu akapiga kelele.

Mkono haukushuka. "Mwalimu, Njiti anaumwa. Anayajua maneno yote. Naomba asubiriwe hadi Jumatatu."

Mwalimu akakubali.

Jumatatu Njiti alisimama mbele ya darasa na mashavu yake ya zamani. Minong'ono ikaanza. Mmoja akajifanya kupuliza hewa, fuu, kuelekea mbele. Njiti alimwona. Akafikiria kukaa chini, na ingekuwa rahisi sana. Badala yake akavuta pumzi, na maneno yakaja yote, yamejipanga.

"Nani amefunga lango la mto wakati watoto wangu wana kiu? Na ajitokeze! Nitamngoja hapa nikiwa nimesimama. Sitakaa kitini mpaka mtoto wa mwisho wa mji huu anywe!"

Sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyezoea kupenya sufi na vitambaa, haikupotea njiani. Mpuliza hewa akasahau mdomo wazi. Nje ya dirisha mtunza bustani alizima mpira wa maji na kusikiliza. Njiti aliposema neno la mwisho, darasa likapiga makofi kwa pamoja, wengine wakigonga madawati.

Mwalimu alisubiri kelele zitulie.

"Tumepata malkia," alisema. "Sasa niambieni, malkia huyu ana uzito gani?"

Akawatazama dawati kwa dawati.

"Wiki nzima mmekuwa mkimpima mwenzenu kwa macho. Leo amefungua kinywa, mkasahau mizani zenu. Basi sikilizeni. Mwili wa mtu, uwe mnene au mwembamba, haukuletwa darasani tuusahihishe. Kila mmoja wenu ana kazi ya kuutunza wa kwake: aulishe, aupumzishe, aufanyishe kazi, na asiutie dawa ambayo daktari hakumpa. Na mkimcheka mtu kwa mwili wake, mjue mnaweza kumsukuma mahali pa hatari. Mwenzenu alifika huko. Ameniruhusu niwaambie."

Aliyepuliza hewa akainama. "Samahani, Njiti," akasema, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na utani ndani ya sauti yake.

Mwalimu akafungua karatasi za mchezo. "Bado jemadari wa jeshi la malkia. Anatakiwa mtu wa sauti nzito, asiyeogopa kusimama. Nani anajaribu?"

Kule nyuma dawati likalia. Puto alikuwa amesimama. Alivuta sketi yake, akatazama ukuta aliozoea kuegemea, kisha akauacha. Alipita katikati ya safu mbili za madawati, polepole, na safari hii hakuna mkono ulioshika kitu. Njiti akasogea kando kumpisha nafasi mbele.

"Mimi, mwalimu," alisema Puto. "Naanza?"

"Anza," mwalimu akasema.