Kigae Kilichoitikia

Kama hujawahi kuingiza fundi nyumbani kwako, pita tu, hadithi hii haikuhusu. Wewe uliyewahi kusimama mlangoni saa nne asubuhi ukimsubiri mtu aliyekwambia tangu saa mbili kwamba yuko njiani, wewe kaa hapa tuzungumze.

Mshonaji mmoja alimpata fundi wa namna hiyo. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika, mtaa mzima walimwita Kesho, na mwenyewe aliitika bila kinyongo. Kazi aliyopewa ilikuwa moja tu: kuvunja sakafu ya chumba cha nyuma na kupanga vigae. Chumba hicho kilikuwa stoo ya vitambaa. Sasa kilitakiwa kiwe chumba cha mama yake mshonaji, bi mkubwa ambaye macho yalikuwa yamemwacha kabisa, na ambaye duniani hakuwa na mtu mwingine wa kumtunza ila binti yake huyo. Naye binti hakuwa na mwingine wa kumwita mama. Alichotaka ni sakafu tambarare isiyomkwaza mtu anayetembea kwa bakora.

Kesho alikuja, siku ya tatu baada ya kesho aliyoahidi. Alipovunja sakafu ya zamani akakuta ardhi imetitia katikati, shimo la kufika magotini. Shimo kama lile hujazwa mawe, likashindiliwa mpaka mikono iote malengelenge. Yeye alitupia makoleo matatu ya kifusi, akamwaga zege jepesi juu, akaanza kupanga. Na kigae hupakwa saruji mgongo mzima, hilo hata mimi nisiye fundi nalijua. Kesho aliweka donge moja kila pembe na moja katikati, kama mtu anayewapakulia chakula wageni asiowapenda.

Mshonaji aliona. Hapo ndipo ninapomlaumu, na mwenyewe alikuja kujilaumu zaidi yangu.

"Fundi, mbona chini panabaki wazi?"

"Dada, hiyo ndiyo kazi ya kisasa. Sakafu lazima ipumue."

Bi mkubwa alikuwa anafika siku inayofuata, na nguo za watu zilikuwa zimejaa juu ya cherehani. Mshonaji akanyamaza.

Wiki ya pili, mchana mmoja, aliingia chumbani kwa mama yake kufagia, na subana ya kushonea ilikuwa bado kidoleni. Bi mkubwa alikuwa uani akiota jua. Mshonaji akainama akagonga kigae kimoja, kusudi ajue ubaya wa kazi umefika wapi. Kigae kilichoshiba saruji hulia ti, ti. Chenye uvungu hulia ko, ko. Aligonga chumba kizima, akahesabu vigae vya ko kumi na tisa. Cha mwisho kilikuwa miguuni mwa kitanda. Alikigonga mara mbili, na chini yake kukagongwa mara mbili.

Akajiambia ni mwangwi. Akagonga mara tatu. Kukawa kimya, muda wa mtu kufikiri, kisha kukagongwa mara nne.

Akampigia Kesho simu. "Fundi, kigae kimoja kinalia."

"Vigae vipya vyote vinalia, dada. Vitazoea."

"Hiki kinajibu."

Kesho akasema, "Niko njiani." Hakufika siku hiyo wala wiki hiyo.

Bi mkubwa, kwa upande wake, alikuwa mtu wa adabu za zamani. Maisha yake yote hajapata kumwacha mtu amesimama mlangoni pake, hata mdai. Na chumba chake alikijua kwa bakora: ko kufika dirishani, ti kufika kabatini, ko kurudi kitandani, kutwa nzima. Siku moja saa saba za mchana, jua la utosi, nyumba imetulia, mshonaji akiwa sebuleni anapinda sketi ya shule, akasikia sauti ya mama yake ikisema taratibu, "Karibu."

Akasimamisha cherehani. Hakukuwa na mtu aliyebisha mlangoni. Akaenda chumbani.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na mgeni wako. Huyu kafunzwa vizuri kwao. Kila akija anabisha hodi kwanza. Siku hizi watu wanaingia tu kama mbuzi."

"Mama, hakuna mgeni humu."

"Basi unamfanyia vibaya. Anakuja kila siku, hujampa hata kiti."

Kuanzia siku hiyo chumba kikaanza kunuka saruji mbichi, ijapokuwa sakafu ilikuwa na mwezi na zaidi. Mshonaji alifungua madirisha, akapiga deki kwa sabuni, harufu ikabaki palepale. Bi mkubwa akaanza kukohoa, kikohozi kikavu, na chakula akawa anakirudisha nusu sahani. Miguu yake ikawa ya baridi hata mchana. Siku moja mshonaji alikuta kandambili za mama yake zimevuliwa ukingoni mwa kile kigae cha miguuni mwa kitanda, zimepangwa sawasawa, kama mtu anavyovua viatu anapoingia nyumba ya wenyewe. Bi mkubwa alikuwa amesimama pekupeku juu ya kigae, anatabasamu.

Aliogopa, nisikufiche. Lakini alichokiona si kitu mbele ya alichokisikia kesho yake, aliposimama kizingitini bila kukohoa wala kusogea, mama yake ameketi kitandani anasimulia habari za ujana wake kwa sauti ya chini, na kila akipumzika sakafu inaitikia, ko, si tena chini ya kigae kimoja bali kwanza miguuni mwa kitanda, halafu dirishani, halafu kabatini ambako vigae vilikuwa vizima juzi tu na sasa navyo vinalia ko, kama mtu anayetoka chumba hadi chumba katika nyumba aliyoizoea, akifungua na kufunga, akisogea polepole kuelekea mlangoni, mpaka mshonaji akakusikia kule kugonga si kwa masikio bali kwa nyayo zake mwenyewe, chini yake, mara moja, kwa upole.

Siku hiyohiyo akaenda kumtafuta mganga.

Mganga alikuwa mama mmoja mwembamba wa miwani, asiye na maneno mengi. Alivua viatu, akalaza sikio sakafuni kwa muda mrefu.

"Nani aliwafanyia kazi hii?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Fundi mmoja tu wa hapa mtaani."

"Nusu ya kazi yangu siku hizi ni kupita nyuma ya mafundi." Akainuka, akapangusa magoti. "Sikiliza, mwanangu. Jini wa namna hii hana kwake. Akipata uvungu anajibanza, hana neno na mtu. Lakini ukimgongea, anajua anaitwa. Ninyi mmemjengea vyumba, halafu mkamgongea."

"Atatoka?"

"Hakai mahali palipojaa. Vigae vyote ving'olewe, shimo lijazwe, pasibaki nafasi ya kupita sindano. Ila kabla ya kigae cha mwisho, aliyemkaribisha ndiye aagane naye na amwambie aende mbali. Si mimi, wala si wewe. Nani alisema karibu?"

Wote wawili wakamtazama bi mkubwa.

"Mnataka nimfukuze mgeni," bi mkubwa alisema.

"Kuagana tu, mama," mganga alimjibu. "Mwambie safari njema, aende mbali."

Bi mkubwa alikohoa, akafikiri. "Nitasema naye. Lakini mtupishe, maneno ya watu wawili hayana wasikilizaji."

Mganga mwenyewe ndiye aliyempigia Kesho simu. Sijui alimwambia nini, ila Kesho alifika simu haijapoa mkononi, na akafanya kazi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alijaza mawe, akashindilia mpaka jasho likamwingia machoni, akapaka kila kigae saruji mgongo mzima. Alipokuwa anang'oa kile cha miguuni mwa kitanda mtaimbo ulimponyoka. Madonge ya saruji yalikuwa bado mabichi, baada ya wiki sita. Na yalikuwa yamebonyezwa kwa chini, vishimo vinne vinne vilivyopangana, saizi ya vifundo vya vidole.

"Dada, nisamehe," Kesho alisema.

Kilipobaki kigae kimoja wakamwacha bi mkubwa kwenye kiti kando ya lile pengo, wakasimama ukumbini, mlango wameurudisha. Wakamsikia anaongea kwa upole, maneno hayakushikika. Akakohoa, kikohozi kirefu kama cha mtu aliyepaliwa. Kukawa kimya.

"Tayari," akaita.

Kesho akaingia na kigae, akakilaza, akakigonga kwa mpini wa mwiko. Ti.

"Umeagana naye, mama?" mganga aliuliza.

"Nimezungumza naye. Kaelewa."

Mganga alimtazama kitambo. Akavaa viatu vyake akaenda zake. Kesho alikuwa keshafika barabarani.

Siku tatu baadaye, alasiri, saruji imekauka, mshonaji alivaa subana akagonga chumba kizima. Alitambaa kwa magoti kutoka ukutani hadi ukutani, kigae kwa kigae, na vyote vikalia ti. Hata harufu ilikuwa imekwisha. Aliketi palepale sakafuni akalia kwa furaha, maana alikuwa amekaribia sana kumpoteza mama yake kwa kunyamaza siku moja tu.

Kitandani bi mkubwa akaanza kukohoa. Mshonaji akainuka, akaketi nyuma yake, akampigapiga mgongoni kwa kiganja, kama yeye alivyopigwapigwa utotoni.

Ko, ko.

Mkono ukasimama hewani. Bi mkubwa alivuta pumzi akaishusha, na pumzi ile ilinuka saruji mbichi.

"Mama," mshonaji alinong'ona. "Siku ile ulimwambia nini?"

"Nilimwonea huruma. Watu wanamzibia mlango, halafu mimi nimwambie aende, aende wapi? Nikamwambia asikae tena huko chini kwenye baridi. Nafasi haikosekani."

Mshonaji hakujua lini kiganja chake kilikuwa kimerudi kwenye mgongo wa mama yake. Alikihisi tu hapo kilipo, juu ya gauni alilolishona mwenyewe, na chini ya gauni mbavu, na ndani ya mbavu kitu kikagonga mara tatu, taratibu, kwa adabu, kikimwelekea yeye.

Bi mkubwa akageuza uso na macho yake yasiyoona.

"Itikia basi, mwanangu," alisema. "Wewe ndiye uliyeanza kugonga."