Chupa ya Buluu Iliyopungua Yenyewe

Fundi cherehani alishona dirishani. Mumewe alikuwa kazini, akifagia karakana ya ndege. Huko, kila asubuhi, mafundi hukinga mafuta kidogo chini ya tangi kuona kama yameingia maji. Masalio hayo wafagiaji waliyabeba nyumbani kimyakimya. Yalikuwa meupe, na jiko la utambi halikuyakataa.

Juzi mume alileta ya buluu.

"Rangi tu hiyo," alisema. "Mafuta ni mafuta."

Akayatia kwenye chupa na kuiziba kwa kitambaa. Jana yalikuwa yamepungua, na hakuna aliyeyagusa. Fundi cherehani akachora mstari kwa chaki yake ya kushonea. Leo yalikuwa chini ya mstari, upana wa vidole viwili.

"Kuna mtu anakunywa humu," mama mkwe alinong'ona kutoka mkekani. Tangu jana kichwa kilimgonga. "Ananipitia usoni. Ananuka."

"Mama, usinitishe mchana kweupe."

Lakini aliogopa kweli. Ili ajishughulishe, akachukua kiberiti awashe jiko.

"Hodi." Jirani yao, fundi wa ndege, alifuata ovaroli yake aliyoileta kushonwa. Alisimama mlangoni, akanusa. "Dada, weka kiberiti chini. Taratibu."

Akaitazama chupa. "Hii ni petroli ya ndege ndogo, zile za injini ya pistoni. Ina madini ya risasi ndani, sumu hiyo. Yale meupe ni ya jeti, ndugu wa mafuta ya taa."

"Na nani anayapunguza?"

"Hakuna mtu. Yanageuka mvuke. Huuoni. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatambaa sakafuni mpaka ukutane na moto."

Wote watatu wakatazama sakafu. Haikuwa na kitu.

"Ungewasha," jirani alisema, "mama angeungua hapo alipo."

Wakamtoa mama nje, wakafungua milango yote. Jirani akaiziba chupa sawasawa, airudishe karakana.

"Na yale meupe?"

"Nayo si ya jikoni. Ni masalio, yana pipa lake kazini."

Jioni mume aliposikia, alimwomba mama yake radhi. Tangu siku hiyo hununua mafuta ya taa dukani na kuyaweka ndani ya dumu lenye kifuniko kinachokaza, mbali na jiko. Mkewe amechora mstari wa chaki kwenye dumu hilo pia, na mafuta hayashuki bila mtu kuyatumia. Mama haumwi kichwa tena.

Hata hivyo, kabla ya kuwasha kiberiti, fundi cherehani huinama kwanza akanusa sakafu.