Jiko Lililozibwa Hadi Juu

"Kwani mimi niliota? Niliambiwa nizibe, nikaziba!"

"Uliambiwa na nani?"

"Na nyumba hii hii!"

"Nyumba haina mdomo, Baya! Mwenye jiko ni mimi, na mimi sikukwambia hivyo. Hebu mtazame mama yangu alivyo!"

Wote wawili wakageuka, Mama Twaiba na fundi Baya, wakamtazama Bibi. Alikuwa amekaa barazani, mgongo ukutani, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbizwa. Mkononi alishika kichupa chake cha dawa ya pumu. Asubuhi ile ndiyo mara ya kwanza moto kuwashwa katika jiko jipya. Bibi aliingia kuchemsha mbaazi, moshi ukajaa mpaka ukakosa pa kwenda, akatoka akitambaa kwa magoti. Hata sasa moshi ulikuwa bado unamwagika mlangoni, mzito, kama mtu anachoma takataka mle ndani.

Twaiba alikuwa kwenye pipa la maji anaosha vikombe. Kikombe kimoja alikuwa amekisugua mara nne. Alimjua vizuri huyo mtu wa nyumba hii aliyesema jiko lizibwe. Ni yeye.

Mambo yalikuwa hivi. Jiko lao la zamani lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, kwa juu makuti. Makuti yalipooza, Mama akaamua kujenga la mawe na kuezeka mabati, kwa sababu kila siku hupika mahamri na mbaazi za kuuza pale Msambweni, na mvua haimsubiri mtu amalize kukaanga. Alhamisi alikwenda Ukunda kununua unga na mafuta, akamwacha Twaiba amchemshie fundi chai. Ukuta ulipokaribia usawa wa paa, Baya aliuliza kutoka juu ya jukwaa lake la mbao:

"Mtoto, hapa juu naacha wazi kama desturi, sivyo?"

Twaiba akakumbuka picha. Mamake mdogo, Esha, hufanya usafi katika nyumba moja kubwa Diani, na aliwahi kumtumia Mama picha ya jiko la huko kwenye simu. Jeupe, ukuta umefika juu kabisa, hata mjusi hana pa kupenya. Akamkumbuka na Munee, anayesoma naye darasa moja, ambaye alisema mbele ya wasichana wote, "Jikoni kwa kina Twaiba paka anaingilia juu kama banda la kuku."

Basi akasema, "Mama amesema uzibe mpaka juu."

"Na moshi je?"

"Tutapikia gesi."

Gesi yenyewe haikuwako. Uongo wa kwanza ulitaka mwenzake, akaupa. Baya alimtazama kidogo, akachota saruji kwa mwiko wake, akaziba. Mtoto wa nyumba akisema, fundi huhesabu nyumba imesema.

Sasa Baya angeweza kumnyooshea kidole pale pale. Hakufanya hivyo. Alimtazama tu, akangoja. Twaiba akainamia kikombe.

"Woi! Kuna nini hapa? Nimeona moshi, nikasema nyumba inaungua!"

Alikuwa Kaluki, mamake Munee, jirani wa upande wa pili wa barabara. Familia yake ilitoka Ukambani ikapewa shamba huku, na wao pia walikuwa na jiko la kutengeneza. Baya alikuwa aanze kwao Jumatatu. Kaluki alichungulia mlangoni mwa jiko, akarudi nyuma akipangusa macho.

"Haki, Fundi, hili ni jiko ama ni tanuri la makaa? Mimi nina mtoto mchanga. Jumatatu usije kwanza. Nitafikiria."

Akaenda zake. Baya alianza kuokota vifaa vyake: mwiko, timazi, kamba, ndoo. Aliviweka kwenye gunia kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayekusanya nguo za msibani. Msambweni si Mombasa. Kufika adhuhuri, kila mwanamke mwenye jiko bovu angekuwa amesikia kwamba fundi Baya hajui moshi unatokea wapi.

Twaiba akaweka kikombe chini.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilimwambia wewe umesema azibe. Nikamwambia tutapikia gesi."

Mama aliinua mkono. Twaiba akafumba macho. Kofi halikuja. Alipofumbua, Mama alikuwa amejishika kiuno, anamtazama kama hamjui.

"Umesimama hapo muda wote huu, mimi namtukana mtu mzima?"

"Nilitaka jiko letu liwe kama lile la Diani."

"Nionyeshe hilo la Diani," Baya akasema. Akaitazama ile picha kwenye simu ya Mama, akaikuza kwa vidole. "Zuri. Sasa niambie, hapa kuni ziko wapi?"

"Hakuna."

"Na hili dude juu ya meko?"

"Sijui."

"Linavuta moshi kwa umeme na kuutoa nje. Na hili ni dirisha, kubwa kuliko mlango wenu. Jiko hujengwa kufuata moto wake. Wa gesi wanaziba. Wa kuni wanaacha njia. Hata yale makuti yenu ya zamani moshi ulikuwa unapenya katikati. Bati halipitishi hata pumzi."

"Kuna na jingine," Bibi akasema kwa sauti ya kukwaruza. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu atoke. "Hiyo meza yenu ya saruji inanifika kifuani. Mimi nazi naikuna nimekaa. Mbuzi wangu wa kukunia mmemwekea nafasi wapi, juu ya bati?"

Mama akacheka bila kutaka. Baya naye akacheka, na gunia likafunguliwa tena.

Kazi ilichukua karibu siku nzima. Baya alibomoa safu mbili za juu, pande zote mbili, akapanga mahali pake matofali yenye matundu, yale ya maua. Hewa ikaingia upande wa bahari na kutokea upande wa barabara, na paka akakosa njia. Pembeni mwa mlango akamwachia Bibi nafasi ya kukaa na mbuzi wake. Twaiba alibeba maji na mchanga mpaka mabega yakamwaka moto. Hakuna aliyemwambia pole.

Alasiri Mama akawasha kuni. Moshi ulipanda, ukafika kwenye matundu, ukatoka. Bibi aliingia, akasimama, akavuta pumzi moja, mbili. Hakukohoa.

"Alhamdulillahi," akasema.

Baya alinawa mikono. "Mimi nimemaliza. Jumatatu nina nafasi, mkisikia mtu ana kazi."

Mama akachukua simu. "Ngoja nimpigie Mama Munee nimweleze."

"Weka simu," Bibi akasema. "Twaiba, njoo hapa."

"Naam, Bibi."

"Uongo uliusema wewe. Moshi nimeula mimi. Jina limechafuka la Baya. Umeona? Mara nyingi anayesema uongo siye anayeumia. Ndiyo maana kukiri hapa kwetu hakutoshi. Maneno ya uongo yamefika mpaka kwa Kaluki, basi na ya kweli yafike huko, na yaende kwa miguu yako."

"Munee atanicheka, Bibi."

"Atacheka. Kicheko hakimzibi mtu pumzi."

Twaiba alimtazama Mama. Mama alikuwa anakanda unga wa mahamri ya kesho, hakuinua macho. Akamtazama Baya, aliyekuwa anafunga mdomo wa gunia lake. Akajifunga leso vizuri, akageuka, akavuka barabara kuelekea kwa kina Munee.