Mshale Unaopanda

Muthoki alikuwa akimnyonyesha Mumo, mtoto wake mchanga, huku akitazama maombi ya matanga moja kwa moja kwenye simu, kupitia linki aliyotumiwa na familia. Mama yake alikuwa amefariki kule Kitui. Mulwa, mumewe, alikuwa ametangulia kwenda kuzika. Yeye alibaki nyumbani Kariobangi kwa sababu kidonda cha upasuaji wa uzazi kilikuwa bado kibichi. Dada yake Kavinya, anayefanya kazi za nyumbani Doha, naye hangefika. Wote wawili wangemuaga mama Jumamosi kupitia linki hiyo. Njia nyingine hawakuwa nayo.

Mara simu ikapata joto mkononi. Juu ya kioo, mshale mdogo ulikuwa unapanda, unapanda. Muthoki aliujua. Huwaka simu inapotuma kitu. Lakini yeye hakuwa anatuma chochote.

Nani anachukua vitu vyake? Alifikiria picha za mtoto. Alifikiria picha yake mwenyewe akiwa kitandani hospitalini. Data nayo ikaisha kabla ya maombi kwisha. Alizima simu, akaivingirisha kwa leso, akaificha ndani ya sufuria. Usimcheke. Ukiwa peke yako na mtoto mchanga, hata mlango ukilia unashtuka.

Ijumaa jirani yake Apondi alimletea uji. Apondi huunganisha nyaya za intaneti kwenye ploti, yaani nyumba za kupanga, za mtaa huo. Alichukua sufuria apashe uji moto, akakuta simu. Aliuliza kulikoni. Muthoki alieleza yote, akaapa hataiwasha tena.

“Hata kesho, Mama Mumo? Na kumuaga mama je?”

Muthoki alianza kulia. “Naogopa, Apondi. Kuna mtu ndani ya simu yangu.”

Apondi aliketi karibu naye.

“Kwenye harusi, mpishi hamfikii kila mtu. Unapokea sahani, unampitishia wa pembeni. Video hii pia husafiri hivyo. Hukatwa vipande vidogo. Simu yako hupokea, kisha huwapitishia wengine wanaotazama. Ulikuwa unapitisha maombi, si picha zako.”

Hata hivyo hakumwambia hofu yake ni ya bure. Alifungua mipangilio, wakahakikisha ukurasa ule hauna ruhusa ya picha, kamera wala maikrofoni. Alimwonya kwamba kupitisha hula data, na kwamba simu zile nyingine zinaweza kuona anwani ya intaneti anayotumia. Kwa hiyo asifungue linki za watu asiowajua. Akitumia data yake, azime kitufe cha kupitisha kilicho chini ya video. Akiwa kwenye waifai, anaweza kukiacha kimewashwa. Kisha akamuunganisha na waifai ya ploti.

Jumamosi Muthoki aliwasha simu, akafungua linki ya mazishi. Jeneza lilianza kushushwa. Mshale nao ukaanza kupanda. Kidole chake kikaenda kwenye kitufe ili akizime.

Hapo akamkumbuka Kavinya. Labda kipande hiki kinaenda kwake. Akaondoa kidole.

“Mpitishie,” aliiambia simu huku machozi yakimtoka. “Naye amuage mama.”