Fomu ya Kwenda Bwawani

Cherehani ya Mama Pacha ilikuwa na tabia moja mbaya. Ilikata uzi kila alipokuwa na haraka. Jioni hiyo ilishaukata mara tatu. Mama Pacha alikuwa anamalizia sketi nne za shule, na binti zake wawili walikuwa wamemsimamia kichwani na karatasi mikononi.

"Mama, tia sahihi."

"Subiri."

"Mama, kesho ndiyo mwisho. Mwalimu amesema. Asiyeleta haendi."

Aliyekuwa anasema ni Chiriku. Pacha mwenzake, Kimya, alisimama tu. Majina hayo ya utani waliyapata walipoanza kusema, au tuseme mmoja alipoanza kusema na mwingine akamwachia kazi hiyo. Walikuwa na miaka kumi, na wote wawili walikuwa darasa la nne.

Karatasi zilitoka kwa mwalimu wao wa sayansi. Watoto walimwita Mwalimu Kwanini, kwa sababu ukimjibu swali alikuuliza kwanini. Darasa zima lingekwenda kwenye hifadhi ndogo nje ya mji kusoma viumbe wa bwawani. Mwishoni mwa karatasi kulikuwa na mstari huu: "Je, mtoto ana ugonjwa wowote? Ndiyo au Hapana."

Kwa Kimya, Mama Pacha aliandika Hapana. Hiyo ilikuwa kweli. Kwa Chiriku, kalamu ilisimama hewani.

Chiriku alikuwa na pumu. Vumbi likizidi, au akikimbia sana, kifua kilimbana na pumzi zikatoa mluzi. Daktari alimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo, kikopo kidogo cha bluu. Akiivuta mapema, alitulia.

"Andika Hapana," alisema Baba Pacha. Alikuwa fundi bomba, na wakati huo alikuwa ananawa grisi mikononi. "Umesahau siku ya michezo?"

Hakuwa amesahau. Jirani yao, mshona viatu, aliandika ukweli kwenye fomu kwamba mwanawe, wa darasa hilohilo, ana kifafa. Siku hiyo wenzake walikimbia na kuvutana kamba. Yeye alishinda ofisini akichora nyumba, eti kwa usalama wake.

"Mama, mimi sitaki kuchora nyumba," alisema Chiriku. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Mama Pacha akaandika Hapana. Tusimrukie kwa maneno. Alimpenda mtoto wake, na ile fomu ilimfanya aone kuwa ukweli ni hasara.

Kisha akafanya mpango wake mwenyewe. Dawa angepewa Kimya, kwa sababu Chiriku hakuweza kutunza siri hata dakika mbili. Akamwita Kimya pembeni.

"Kikopo hiki kitakaa kwenye mkoba wako, chini ya mkate. Ukiona dada yako anahema, mpe haraka. Mjifiche nyuma ya mti. Mwalimu asijue."

Kimya aliitikia kwa kichwa. Uso wake ulibadilika kidogo, lakini mama alikuwa ameshageukia cherehani.

Hata hivyo, roho ya Mama Pacha haikutulia. Kwa hiyo mwalimu alipoomba mzazi mmoja wa kwenda naye kuikagua hifadhi kabla ya safari, alijitolea. Siku ya safari yenyewe asingeweza kwenda, alikuwa na sare za kukabidhi. Basi angalau akaone kwa macho yake kama kuna vumbi.

Walikwenda Jumamosi asubuhi. Getini walipokewa na mhifadhi, mwanamke mrefu mwenye buti na filimbi shingoni.

"Karibuni. Mmekuja kutazama au kupanga?"

"Kuna tofauti?" aliuliza mwalimu.

"Ipo. Wa kutazama hutembea tu. Wa kupanga hutembea polepole na kuuliza maswali ya kijinga. Nawapenda wa kupanga."

Mwalimu Kwanini akatoa daftari lake kwa fahari. Alikuwa ameandika bwawa, msitu, kilima, mnara wa kutazamia ndege na kitalu cha miti. Yote kwa saa nne.

Mhifadhi akasoma, akamrudishia. "Mwalimu, hapo umepanga mbio. Watoto watarudi wanajua jambo moja tu, kwamba miguu inauma. Chagua sehemu moja na swali moja."

Mwalimu alikuna kichwa. Ilimuuma kuufuta mnara, lakini akaufuta. Akabakiza bwawa, na chini yake akaandika, "Nani anamla nani hapa?"

"Hilo swali," alisema mhifadhi. "Hapo hata mimi nitakuja kusikiliza majibu."

Walitembea naye akitazama saa. Toka getini mpaka bwawani zilikuwa dakika kumi. "Kwa watoto hesabu ishirini," alisema. "Kila mdudu atawasimamisha." Aliwaonyesha bomba la maji safi, vyoo, kivuli cha kulia chakula, na mahali gari linapoweza kufika. Alisema watoto wavae viatu vya kufunika vidole, na wahesabiwe kila wanapoondoka mahali. Mama Pacha alisikiliza kwa makini.

Wakati wa kurudi wakasimama kwenye njia panda. Njia moja ilikatiza kwenye majani marefu yaliyokuwa yanachanua. Upepo ulipopita, unga wa njano uliruka kutoka kwenye maua. Nyingine ilizunguka nyuma, chini ya miti, ardhi yake ikiwa na unyevu.

"Siku ya safari tupite ipi?" aliuliza mwalimu.

"Inategemea nani anakuja. Wagonjwa ni wangapi?"

"Hakuna. Nina fomu arobaini na mbili. Wote wazima."

Mhifadhi akacheka mpaka filimbi ikarukaruka kifuani. "Arobaini na wawili, hata mwenye mafua hayupo? Hilo si darasa, ni timu ya taifa!"

Mwalimu naye akacheka, ingawa si sana. Mama Pacha hakucheka. Alikuwa anautazama ule unga wa njano.

"Makundi nimeshagawa," mwalimu aliendelea. "Sita, kila moja watoto saba na mtu mzima mmoja. Mama, pacha wako nimewatenganisha. Chiriku kundi la kwanza, Kimya la sita. Wakiwa pamoja mmoja anajibu maswali yote na mwingine anasinzia."

Mama Pacha akapiga hesabu. Dawa ingekuwa kundi la sita. Kifua kingekuwa kundi la kwanza. Na katikati yao, watoto wengi na mti wa kujificha.

"Mwalimu," alisema. "Fomu moja ni ya uongo."

"Ya nani?"

"Yangu. Chiriku ana pumu."

Mwalimu akamtazama. "Kwanini?" Lilimtoka lenyewe, kwa mazoea.

"Kwa sababu nilitaka aende," alisema Mama Pacha. Aliona aibu, lakini pia aliona nafuu. Akawaeleza yote, mpaka habari ya mkate.

Mhifadhi hakumkaripia. Aliketi kwenye gogo, akamwonyesha nafasi ya kukaa.

"Mama, siulizi ili nimfungie mtu geti. Nauliza ili nijue tupite wapi. Akiwepo mwenye pumu, tunazunguka nyuma. Ule unga wa maua na vumbi vinabana kifua. Dawa anabeba mwenyewe, mfuko wa mbele, imeandikwa jina lake. Haibaki kwenye basi, na hapewi dada yake. Mtu mzima wa kundi lake anajua. Kifua kikibana, mtoto anaketi wima, msimlaze. Anavuta dawa kama daktari alivyomwelekeza. Asipopata nafuu, gari linafika hapa, mnakwenda hospitali papo hapo."

"Na mwenye kifafa?" Mama Pacha alimkumbuka mtoto wa jirani, ambaye naye alihesabiwa kati ya wale wazima.

"Anakuja pia. Ila hakai ukingoni mwa maji peke yake, na anakuwa karibu na mtu anayejua la kufanya. Akianguka, mnamlaza ubavu, na hamumtii kitu mdomoni."

Mwalimu Kwanini alifunga daftari lake. Kisha akasema, "Siku ya michezo nilikuwepo. Yule mtoto alipopelekwa ofisini, sikuuliza kwanini." Akaitoa fomu, akausoma tena mstari wa mwisho. "Na karatasi yangu inahoji watu kama polisi."

Akaufuta hapohapo. Akaandika upya: "Mtoto wako anahitaji msaada gani ili aende salama? Hakuna atakayeachwa kwa sababu ya jibu hili."

Jumatatu mwalimu mkuu alikubali, na fomu mpya zikatoka. Safari hii timu ya taifa ilivunjika. Fomu tisa zilirudi na maelezo. Mmoja alisikia kwa sikio moja tu. Mwingine akiumwa na nyuki alivimba vibaya. Mmoja alitapika kwenye magari. Mshona viatu aliandika mistari mitano, na mwanawe akapangwa kundi la mwalimu mwenyewe.

Nyumbani, Mama Pacha alimwita Kimya na kukitoa kile kikopo kwenye mkoba wake.

"Hii si kazi yako tena, mwanangu. Nilikosea."

Kimya alishusha pumzi ndefu. "Mama, nilikuwa naogopa kulala kwenye basi," alisema. "Ningelala angekufa."

Mama akamkumbatia, akalia kidogo. Baba Pacha alijifanya anatafuta spana.

Siku ya safari ilipita, na jioni Chiriku aliingia ndani akiwa ameshaanza kusimulia tangu mlangoni. Alikuwa amemkimbiza kereng'ende, kifua kikabana. Akaketi wima ukingoni na mama aliyesimamia kundi lake, akavuta dawa, akatulia. Ilimbidi apumzike, basi akawa anatazama maji.

"Nikaona mdudu mbaya, Mama! Akamkamata kiluwiluwi, ham! Mhifadhi akasema yule ni mtoto wa kereng'ende, anakaa majini kwanza. Wenzangu walikuwa wanapiga kelele, hawakuona. Mtoto wa mshona viatu, wa kundi la mwalimu, ndiye aliyekuja na wavu. Kundi letu lilikuwa la kwanza kupata jibu!"

Muhula uliofuata zilikuja fomu nyingine, za kwenda kwenye kitalu cha miti. Cherehani ilikuwa imekata uzi tena. Mama Pacha alipoinua kichwa alikuta pacha wameshajaza ule mstari wa mwisho wenyewe.

Kimya alikuwa ameandika: "Tuwe makundi tofauti tena. Dada anaongea sana."

Mama akacheka, akachukua ya pili. Chiriku, yule wa maneno mengi, alikuwa ameandika machache tu: "Nina pumu. Dawa iko mfuko wa mbele. Nakuja."

Mama Pacha akatia sahihi.